Walawi Walipofika Miaka 50: Somo kwa Kijana Anayefikiria Kuacha Kazi ya Nguvu kwa Sababu ya Ugonjwa



Vijana wenzangu, kabla hujaendelea, fungua Biblia (hata ya kwenye simu ni sawa tu) usome Hesabu 8:23-26, halafu Kutoka 17:8-13. Ni aya chache sana. Ukishazisoma, rudi hapa.

Somo la leo ni la kijana anayekula kwa nguvu za mwili wake, na sasa mwili umeanza kumkatalia. Kwetu Kigoma kijana wa namna hiyo hatafutwi mbali, kwa sababu kazi zetu nyingi ni za mgongo na mikono. Kibirizi na Katonga watu wanaingia ziwani jua likizama, wanawasha taa, wanangoja dagaa wakusanyike, kisha wanavuta wavu. Wanavuta tena na tena mpaka alfajiri. Asubuhi kuna wa kubeba makarai na kuna wa kuanika juani. Bandarini kuna mfuko wa saruji wa kilo 50 begani. Sokoni kuna dumu la mawese la lita 20. Hapo hakuna anayekuuliza cheti, wanakuuliza tu: unaweza? Siku ukijibu "leo siwezi", kesho nafasi yako ina mtu mwingine.

Sasa chukua kijana wa miaka 27 mwenye kazi hiyo, ambaye mguu mmoja umeanza kufa ganzi bila sababu. Baada ya wiki chache ganzi inaondoka. Miezi inapita, jicho moja linaingia ukungu, linauma likigeuka, kisha linapona. Halafu inakuja siku anashika kamba na vidole havijui kama vimeshika. Yapo magonjwa mengi yanayoleta ganzi: kisukari, upungufu wa vitamini B12, hata kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa hiyo usijipime mwenyewe kwa kusoma makala hii! Lakini mojawapo ya magonjwa yanayokuja kwa sura hiyo, ya kwenda na kurudi, linaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza vizuri ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, mwaka 1868. Jina lake lina maana ya makovu magumu mengi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochubuka mpira wake. Umeme bado upo, ila unafika kwa shida, unapungua njiani, au haufiki kabisa. Ubongo unasema "vuta!", mkono unasikia nusu. MS haiambukizi. Huanza mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huipata zaidi kuliko wanaume. Haina dawa ya kuiponya kabisa, ila zipo dawa za kupunguza mashambulizi yake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu kati ya hizo katika orodha yake ya dawa muhimu. Huku kwetu karibu na ikweta ni ugonjwa adimu, ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka zahanati nyingi kabla ya yeyote kuufikiria. Kipimo kinachoonyesha makovu yenyewe ni MRI, na kwa mgonjwa wa Kigoma hilo limemaanisha safari ndefu. Reli peke yake kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Mambo mawili kuhusu MS yanamsumbua mfanyakazi kuliko mengine. La kwanza ni joto. Mwili ukipata joto, iwe la jua au la kazi nzito, dalili zinapanda kwa muda, na mtu akipoa zinashuka. Kijana anabeba mizigo mitatu vizuri, wa nne magoti yanalegea. La pili ni uchovu. Si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Unaweza kumkuta mtu asubuhi, hajafanya lolote, na tayari amechoka kama aliyevuta wavu usiku kucha.

Na hapo ndipo maneno yanapoanzia, jamani. Jumatatu wamemwona anacheka kijiweni, Jumanne anasema hawezi kwenda ziwani. Mguu haujavimba, hakuna kidonda, hakuna bandeji. Watu wanasema ni mvivu, wengine wanasema amerogwa, na wanaojiona wameokoka sana wanasema hana imani. Yeye mwenyewe, usiku akiwa peke yake, anaanza kuwaamini. Ndiyo maana vijana wengi huendelea na kazi ya nguvu muda mrefu kuliko inavyofaa. Kuacha kunaonekana kama kukiri kwamba wale watu walikuwa sahihi.

Hebu tuangalie kwanza hilo la uvivu, maana kuna aya ambayo hutumika vibaya sana hapa. Mtume Paulo, katika 2 Wathesalonike 3:10, anawakemea wasiotaka kufanya kazi na bado wanataka kula. Wasiotaka! Hakusema wasioweza. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, anajua kazi ya mikono, na anajua mwiba katika mwili pia (2 Wakorintho 12:7-10). Aliomba mara tatu mwiba ule uondolewe, haukuondolewa, na hakuna mahali Biblia inaposema ni kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo.

Sasa njoo Ujiji.

Sisi tunaoishi huku tunaizoea ile miembe ya zamani na ile habari ya Livingstone, tunasahau Ujiji ilikuwa nini. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mwezi baada ya mwezi. Watumwa nao walipita njia hiyohiyo kuelekea upande wa pili. Katika njia ile thamani ya mtu ilikuwa ni anachoweza kubeba na umbali anaoweza kutembea. Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji Februari 1858. Mmoja miguu ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, mwingine macho hayaoni vizuri hata kulifurahia ziwa alilolitafuta. Ganzi ya miguu na ukungu wa macho, dalili zilezile! Wao hawakuachwa, kwa sababu walikuwa wenye mali, na Burton sehemu ya njia alibebwa kwa machela. Lakini wapagazi waliopatwa na ndui katika misafara ya zama zile waliachwa njiani wafe. Na huko kusini, mwaka 1866, Livingstone aliandika kwamba walipita penye mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Kosa lake? Hakuweza kwenda mwendo wa wenzake.

Ndivyo inavyokuwa mtu akipimwa kwa mzigo. Wamisionari wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la Mapadre Weupe, walipofika Ujiji Januari 1879 walianza kukomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto. Ukifikiria kibiashara ni hasara tupu: unalipa kwa ajili ya mtu ambaye hatakubebea kitu.

Weka picha hiyo ya njia ya Ujiji kando ya Hesabu 8. Walawi nao walikuwa wapagazi. Tusiwaone kama watu wa kuimba na kufukiza ubani tu. Jangwani, kila kambi ilipohama, wao ndio waliobomoa hema ya mkutano, wakabeba mbao, nguzo, misingi na mapazia. Baadhi walipewa magari ya ng'ombe, ila wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vyombo vitakatifu vilipaswa kubebwa mabegani (Hesabu 7:9). Kazi takatifu, na nzito kwelikweli. Halafu Mungu mwenyewe anaweka sheria: afikapo miaka 50, Mlawi aache kazi hiyo. (Sura ya 4 na sura ya 8 hazilingani kuhusu umri wa kuanza, moja inasema 30 na nyingine 25. Kuhusu 50 zinakubaliana.) Na aya ya 26 inaongeza jambo ambalo naliona zuri kuliko yote: aliyeacha mzigo habaki nyumbani. Anaendelea kuwa pamoja na ndugu zake hemani, akiwasaidia katika ulinzi. Mzigo unashushwa, ila undugu na nafasi yake mbele za Mungu vinabaki vilevile.

Utasema, lakini hao walikuwa na miaka 50, mimi nina 27. Ni kweli, na inauma. Ila angalia Mungu alichokuwa anakiangalia: mwili una mpaka, na mpaka huo ni yeye aliyeuweka. Kwa mwingine unakuja na uzee, kwa mwingine unakuja mapema na ugonjwa.

Amri ya tano inaingia hapa pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2288 inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, na tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukikumbuka mahitaji ya wengine. Katika boti la uvuvi jambo hili si nadharia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipo na kina kirefu zaidi. Kijana anayeona taa mbili mahali penye moja, au anayepoteza mizani upepo ukibadilika, hajihatarishi peke yake. Yupo mwenzake upande wa pili wa wavu anayetegemea mikono yake. Kuficha ugonjwa ili usionekane dhaifu kunaweza kuonekana ni ujasiri, lakini kwa wale wengine mle ndani ya boti ni kuwanyima haki ya kujua.

Basi aache lini? Swali hili ni gumu kuliko la kama aache, hasa kwa MS. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa mtu wa kazi ya nguvu, askari, mpaka Mei 1521 risasi ya mzinga ilipomvunja mguu huko Pamplona. Hakuchagua kuacha, mguu ulimchagulia. Lakini kitandani alijifunza kupambanua mawazo yanayotoka kwa Mungu na yasiyotoka kwake, na moja ya kanuni alizotuachia ni hii: wakati wa ukiwa wa kiroho, roho ikiwa gizani, usibadilishe maamuzi. Kwa mgonjwa wa MS kanuni hii inamfaa pande zote mbili. Usiamue kuacha kazi katika wiki ile mbaya kuliko zote, mguu umekufa na moyo umekata tamaa, kwa sababu shambulio linaweza kupungua. Na usiamue kurudi kuvuta wavu siku ile nzuri kuliko zote, unapojisikia kama hukuwahi kuumwa. Chukua daftari. Kwa miezi mitatu au minne andika kila jioni: leo nilifanya nini, kilinigharimu nini, kesho yake nilikuwaje. Mpelekee daktari, kisha mwonyeshe padre au mtu unayemwamini katika roho. Ukiona kila siku ya kazi inakulaza siku mbili, daftari limeshaongea. Salia uamuzi huo, ulale nao, na kama amani inabaki hata baada ya hofu ya fedha kuja na kuondoka, hiyo ni ishara njema.

Wala usidhani jibu la kitakatifu ni moja. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani alipasua mawe machimboni na kufanya kazi kiwandani Kraków, alibaki katika utume wake huku anatetemeka na sauti inamwisha, hadi kifo chake tarehe 2 Aprili 2005. Benedikto XVI, tarehe 11 Februari 2013, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi na Siku ya Wagonjwa Duniani, alitangaza kwamba nguvu zake hazitoshi tena, na mwisho wa mwezi akaondoka. Mmoja alibaki, mwingine akaondoka, wote wawili walikwenda kwanza mbele za Mungu. Ninavyoona mimi, kijana wa kazi ya mzigo ana cha kujifunza zaidi kwa Benedikto, maana mzigo haubebeki kwa mateso na sala peke yake. Unahitaji misuli inayoitikia.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa sala haiondoi kodi ya nyumba. Kama umeajiriwa, bandarini, kiwandani au kwenye ujenzi, usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira au kwa aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Kwa hiyo una msingi wa kuuliza kuhusu kazi ya kukaa: stoo, geti, mahesabu. NSSF nao wana pensheni ya ulemavu kwa mwanachama aliyetimiza masharti. Ukiacha mwenyewe kabla ya kuuliza haya, unaweza kujifungia milango.

Mvuvi mara nyingi hana hata kimoja cha hivi. Analipwa mgawo, na asiyeingia ziwani hana mgawo. Hapa sina maneno matamu. Ila soma Marko 1:19 uone Yakobo na Yohane walikuwa wanafanya nini Yesu alipowaita: walikuwa wamekaa chomboni wakitengeneza nyavu. Uvuvi una kazi zake za kukaa. Kuna kushona nyavu (kama vidole vinaruhusu, maana ganzi na sindano ya nyavu haviendani), kuna kuandika mapato ya boti, kuchaji taa, kupima na kuuza dagaa kivulini. Zinalipa kidogo kuliko kuvuta, na ni vizuri familia iambiwe hivyo mapema badala ya kugundua sufuria ikiwa tupu. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosto, ili samaki wazaliane. Kwa watu wanaokula kwa siku haikuwa rahisi, lakini nyumba nyingi zililazimika kujifunza kupanga miezi mitatu bila wavu. Ujuzi huo usipotee.

Na sasa Musa, kule Kutoka 17. Alipoinua mikono Israeli ilishinda, alipoishusha Waamaleki walishinda, na mikono ikamchoka. Haruni na Huri hawakumwambia akaze moyo. Hawakumwuliza kwa nini jana aliweza. Walileta jiwe wakamkalisha, kisha wakashika mikono yake, mmoja huku na mwingine kule, mpaka jua likazama. Tazama mpangilio: jiwe kwanza, mikono baadaye. Kiti kabla ya maneno ya kutia moyo.

Jumuiya zetu ndogondogo ni wepesi wa kuja na sala, na ni jambo jema. Jiwe linachelewa. Jiwe ni mtu wa kumsindikiza hospitali na kumwelezea daktari yale ambayo mgonjwa anasahau. Jiwe ni mchango wa nauli. Ni mama wa jumuiya anayesema hadharani, "Huyu mtoto anaumwa, sitaki kusikia habari za uchawi hapa." Ni mwenye boti anayempa kazi ya daftari kwa mgawo mdogo badala ya kumfuta. Na kwa wale mlio VIWAWA: jina lenu ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, chama chenye mizizi kwa Padre Joseph Cardijn huko Ubelgiji mwaka 1925. Je, mwenzenu akishindwa kufanya kazi, bado anahesabiwa katika neno "wafanyakazi"? Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa 1981, alisema kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi, na katika namba 22 akaandika kwamba mwenye ulemavu ana haki zake kamili na nafasi yake katika kazi. Msomeni pamoja, kisha muangalie rejista yenu: nani ameacha kuja mikutanoni, na kwa nini?

Jambo moja la tahadhari. Ugonjwa unaokwenda na kurudi ni biashara nzuri kwa wauza mafuta ya miujiza na waganga. Dalili zikipungua zenyewe, wao wanasema wameponya. Zikirudi, wanasema ongeza fedha. Wakati huohuo dawa zimeachwa. Mungu anaponya, tunaamini hivyo, na Kanisa haliogopi kumwomba. Lakini Yoshua bin Sira 38 inasema daktari naye ameumbwa na Bwana, na dawa zinatoka ardhini kwa mapenzi yake. Omba, na umeze dawa.

Mwisho, Mpako wa Wagonjwa. Vijana wengi wanadhani sakramenti hii ni ya mtu anayekata roho, kiasi kwamba padre akiingia na mafuta nyumba nzima inaanza kulia. Sivyo. Katekisimu namba 1514 na 1515 inafafanua kuwa wakati wake umefika tangu mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na inaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Kwa hiyo usingoje mpaka ubebwe. Mwone padre wako, mweleze jina la ugonjwa, mwonyeshe lile daftari, na mwulize kama umefika wakati wa kuipokea. Kama ngazi za kanisa zinakushinda au kusimama Misa nzima kunakulegeza magoti, mwambie na hilo. Kukaa wakati wengine wamesimama si dhambi, na Komunyo inaweza kuletwa pale ulipokaa.